Fedha za Mtoto si Mfuko wa Pili wa Baba



Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (S.A.W.), leo nataka tuzungumze jambo ambalo wengi wetu twalijua na twalinyamazia, kwa sababu anayelitenda si mwizi wa njiani wala si mtu mgeni. Ni baba wa nyumba, mwenye kuswali safu ya mbele, na mara nyingine ni mama. Jambo lenyewe ni zile fedha tunazowawekea watoto wetu kwa majina yao, kisha tukazila wenyewe.

Siku moja baada ya swala ya Isha alinijia msichana niliyemsomesha tangu alifu. Alikuja na mamake, na mkononi ana kitabu cha benki. Alikuwa amepasi mtihani wake na kupata nafasi katika chuo cha ualimu, na barua ya karo iko mkobani. Kitabu kile kilifunguliwa kwa jina lake alipotimiza siku arubaini. Nyanya yake, Mungu amrehemu, alikuwa akiuza nazi za shamba lake na kila msimu humtengea mjukuu fungu lake. Shangazi yake aliyeolewa Maskati akileta chochote kila Idi. Nilipokifungua kitabu nikaona hesabu ikipanda pole pole, ukurasa baada ya ukurasa, kwa muda wa miaka kumi na saba. Kisha katika ukurasa wa mwisho ikashuka kwa wiki tatu tu, mpaka zikabaki shilingi mia tano za kuzuia akaunti isifungwe. Wiki tatu zile zilikuwa za harusi ya kakake. Karo ya binti ilikwenda katika biriani, katika begi la bibi harusi na katika taa za barazani. Akaniuliza kwa sauti ya chini: "Maalim, baba ana dhambi, au ni haki yake?"

Babake nilimwita tukazungumza, na hayo yao si ya kuandikwa gazetini. Lakini swali la mtoto yule nimeona si lake peke yake. Ni swali la watoto wengi ambao hawana kitabu cha kuonyesha wala maalim wa kumwendea. Basi nalijibu hapa mbele ya watu.

Jawabu fupi ni hili: mali aliyopewa mtoto ni mali ya mtoto. Mzazi ni walii wake, yaani mwangalizi. Huichunga, huikuza, hutoa kwa maslaha ya mwenyewe mtoto, na siku ya siku humkabidhi. Benki zetu hapa Kenya na kule Tanzania zina akaunti nyingi za namna hii. Mzazi huenda na cheti cha kuzaliwa cha mtoto na kitambulisho chake mwenyewe, akaifungua kwa jina la mtoto, na yeye ndiye mtia sahihi mpaka mtoto atimize miaka 18. Hapo ndipo shetani anapopata mlango. Baba huona kuwa madhali sahihi ni yake, basi na mali ni yake. Hasha! Sahihi ya kutolea fedha si hati ya kumiliki. Ingekuwa hivyo, mwenye kushika ufunguo wa msikiti angekuwa ndiye mwenye msikiti.

Na tuangalie kisa alichotusimulia Mwenyezi Mungu katika Suratul Kahf. Nabii Musa (A.S.) na yule mja mwema, ambaye ni mashuhuri kwa jina la Khidhri, walifika katika mji wakiwa na njaa. Wakawaomba watu wa mji chakula, wakanyimwa. Kisha wakaona ukuta uliokuwa karibu kuanguka, na Khidhri akausimamisha bila ya ujira. Musa akastaajabu, na ni haki yake kustaajabu, kwani wenyeji wale hawakustahiki hisani. Mwishowe, katika aya ya 82, siri ikafunuliwa: chini ya ukuta ule palikuwa na hazina ya mayatima wawili, na baba yao alikuwa mtu mwema. Mola akataka wakue, wafikie nguvu zao, ndipo waitoe wenyewe.

Zingatia, ewe ndugu yangu. Watu wawili wenye njaa, matumbo matupu, wamenyimwa hata tonge, na mmoja wao anajua kuwa chini ya miguu yake mna hazina. Hakusema, "Natukope kidogo, tutarudisha." Hakusema, "Hawa ni watoto, watajuaje?" Alichofanya ni kuujenga ukuta upate kusitiri zaidi. Na sisi je? Sisi hatukunyimwa chakula. Tumeingiwa na hamu ya kuonekana na majirani tu, na mara tumekwisha kuubomoa ukuta kwa mikono yetu.

Najua watakaoanza kunipinga, na nitawajibu mmoja mmoja.

Wa kwanza ni yule asemaye kwamba kumwekea mtoto akiba ni kukosa tawakali, kwani kila mtoto huja na rizki yake. Maneno haya ni matamu mdomoni, lakini mengi yake ni uvivu uliovaa kanzu. Mtume wetu (S.A.W.), ambaye hapana aliyemshinda kwa tawakali, imesihi kuwa akiwawekea watu wa nyumba yake chakula cha mwaka mzima. Na Sayyidna Saad bin Abi Waqqas alipougua akataka kuusia mali yake nyingi itolewe sadaka, Mtume alimkataza kupita thuluthi, na akamwambia kwamba thuluthi yenyewe ni nyingi. Akamfahamisha kuwa kuwaacha warithi wake na uwezo ni bora kuliko kuwaacha wakiwanyooshea watu mikono. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Basi ikiwa sadaka yenyewe imewekewa mpaka kwa ajili ya watoto, miraa itakosaje mpaka? Mwenye kutafuna ya shilingi 50 kila siku, kwa mwaka ametafuna shilingi 18,250, na katika miaka 18 ya kumlea mtoto wake ametafuna shilingi 328,500. Huyo asituambie habari za tawakali. Aseme kweli kwamba ameitanguliza shavu yake mbele ya mwanawe.

Wa pili ni yule aliyeweka, lakini ameweka katika akaunti ya riba. Ukimwambia, hukujibu: "Si yangu, Sheikh, ni ya mtoto." Subhanallah! Ubaya wa jambo lake ndio huo. Mtoto hakubaleghe, kalamu haijaanza kumwandikia dhambi, na wewe umemwandika jina lake katika daftari la riba kabla hajajua kulitamka. Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqarah, aya ya 278 na 279, ametuamuru tuache yaliyobaki katika riba, na asiyeacha ametangaziwa vita na Mola wake na Mtume wake. Mzazi gani mwenye akili humwandikisha mwanawe vita asivyovijua?

Na udhuru kwamba hapana njia nyingine umekwisha zamani. Katika mwaka 1959 mwanachuoni wa uchumi wa Malaya, Ungku Aziz, aliona wanavijiji wa kwao wakificha fedha majumbani kwa kuiogopa riba, kisha wakiuza mashamba na mifugo yao wapate kwenda Hija, na wakirudi ni mafukara. Akapendekeza pawe na chombo cha akiba kisicho na riba, na mwaka 1963 kikaanza. Leo chajulikana kwa jina la Tabung Haji, na wenye akiba humo ni mamilioni. Hapa kwetu Kenya tulichelewa, lakini mwaka 2008 zilianza kazi Gulf African Bank na First Community Bank, ambayo tangu 2023 jina lake ni Premier Bank. Tanzania wakapata Amana Bank mwaka 2011, na Benki ya Watu wa Zanzibar nayo ikafungua huduma za Kiislamu.

Mashauri ya benki hizi ni kuipokea akiba ya muda mrefu kwa mapatano ya mudharaba, ambayo babu zetu wenye majahazi waliyajua vizuri. Mmoja ana mali, mwingine ana kazi. Faida hugawanywa kwa fungu walilokubaliana tangu mwanzo, kama sitini kwa arubaini, na hasara ikitokea pasipo uzembe huwa juu ya mali, na mfanya kazi amepoteza jasho lake. Riba ni kuahidiwa nyongeza maalumu, biashara ipate isipate. Lakini sisemi uingie kwa kufumba macho kwa sababu umeona kibao kimeandikwa kwa Kiarabu. Uliza: fedha za mwanangu mwazifanyia biashara gani? Faida twagawana vipi? Hasara ni ya nani? Nani wanavyuoni wanaowaangalia? Ukijibiwa kwa uwazi, weka. Ukizungushwa, ondoka. Na ambaye akiba ya mtoto wake imo katika riba hivi sasa, rasilimali ni halali yake mtoto, aihamishe. Ile nyongeza aitoe katika maslaha ya watu bila ya kutaraji thawabu, wala asiichanganye na mali ya mtoto.

Wa tatu ndiye mkubwa wao, na ndiye niliyemkusudia tangu mwanzo. Huyu husema: "Mimi nimemzaa, nimemlisha, nimemvisha. Na Mtume mwenyewe amesema kuwa mtoto na mali yake ni vya babake." Naam, hadithi hiyo ipo, ameipokea Ibn Majah. Lakini je, wanavyuoni wameifahamu hivyo unavyoifahamu wewe? Tazama Suratun Nisaa, aya ya 11. Mtu akifa akaacha watoto, baba yake hupata sudusi, yaani fungu moja katika sita, na mama sudusi. Lau mali ya mtoto ingekuwa milki ya babake, angepewaje sudusi tu katika kitu chake mwenyewe? Basi maana ya hadithi ni wema na haja. Baba aliye fukara ana haki ya kulishwa na mwanawe, akila kwa kiasi cha dharura, chakula na dawa na mavazi. Biriani la watu mia sita si dharura.

Na katika madhehebu yetu ya Imam Shafii kuna tafsili ambayo yapasa kila nyumba iijue. Zawadi aliyoitoa mzazi mwenyewe kumpa mwanawe, aweza kuirudisha madhali ingali katika milki ya mtoto, lakini wanavyuoni wetu wamesema kufanya hivyo bila ya sababu ni makuruhu. Ama zawadi aliyopewa mtoto na watu wengine, nyanya, shangazi, mjomba, jirani aliyekuja kwenye akika, mkono wa Idi, baba hana marejeo humo kabisa, kwa sababu hakuwa yeye aliyetoa. Je, mangapi tumeyala katika hayo? Mtoto huzunguka siku ya Idi na kanzu yake mpya, akarudi na mfuko umejaa, na mama akamwambia, "Lete nikuwekee." Mtoto akaleta kwa imani. Tangu siku hiyo hakuziona, na akiziuliza huambiwa, "Kwani unakula bure?" Huo ndio mwanzo wa mtoto kujifunza kuwa amana ni neno tu. Kisha twashangaa akiwa mkubwa akapewa kazi ya kushika fedha za watu akazila! Alisomea wapi, kama si nyumbani?

Na kama mtoto huyo ni yatima, mambo ni mazito zaidi. Ami au kaka aliyeshika urithi wa mayatima asome aya ya 10 ya Suratun Nisaa, ambapo wanaokula mali ya yatima kwa dhulma wameambiwa kuwa wanachokitia matumboni mwao ni moto. Sitaongeza neno juu ya hilo.

Liko na jambo la kufadhilisha. Wapo wanaowafungulia akiba wavulana, na msichana wakasema, "Huyu ataolewa, mumewe atamtazama." Mtume (S.A.W.) alijiwa na Bashir, aliyetaka awe shahidi wa kitu alichompa mwanawe Nuuman. Akamuuliza kama watoto wake wote amewapa mfano wa hicho. Alipojibu kuwa hakuwapa, Mtume alikataa kushuhudia, akamwamuru amche Mungu na afanye uadilifu baina ya watoto wake. Basi je, atashuhudia huyu ambaye hakumnyima binti tu, bali amechukua cha binti akampa mwana?

Baada ya haya, wako watakaosema: "Basi afadhali nizifungie fedha za mtoto katika kibubu, au katika sanduku chini ya kitanda, nisalimike na benki na maneno ya masheikh." Hili nalo halikusalimishi. Kwetu sisi Mashafii, zaka ni wajibu katika mali ya mtoto kama ilivyo katika ya mkubwa, ikifika nisabu na kupitiwa na mwaka, na walii ndiye wa kuitoa katika mali hiyo hiyo. Kila mia hutoka mbili na nusu. Mali ikilala miaka 18 bila ya kufanyiwa kazi, na ikawa juu ya nisabu muda wote huo, kila shilingi 100 zitabaki kama 63, na hapo bado hujahesabu kupanda kwa bei ya vitu. Kwa sababu hii Sayyidna Umar (R.A.) aliamrisha mali ya mayatima ifanyiwe biashara isije ikamalizwa na zaka, kama alivyopokea Imam Malik katika Muwatta. Kulinda mali ni pamoja na kuikuza.

Na sasa nitasema neno la kututia haya. Mwaka 2005 serikali ya Uingereza ilianzisha akiba za watoto, Child Trust Fund, kwa wale waliozaliwa kuanzia tarehe 1 Septemba 2002, na ikamtilia kila mtoto paundi 250 za kuanzia, na wa maskini zaidi ya hizo. Mwaka 2011 mpango huo ukafungwa kwa watoto wapya, ukaja mwingine uitwao Junior ISA, ambao serikali haitii kitu. Katika mipango yote miwili sheria ni moja: fedha ni za mtoto, mzazi haruhusiwi kuzitoa, na mtoto mwenyewe ndiye azichukuaye akitimiza miaka 18, ila ikiwa ana maradhi yasiyotarajiwa kupona. Siwasifu kwa riba iliyomo katika akiba zao nyingi. Nasema tu kwamba huko baba amezuiwa na karatasi ya serikali, na sisi tulio na Kitabu cha Mwenyezi Mungu twasubiri nani atuzuie?

Lakini hapo kwenye miaka 18 pana jambo ambalo benki hailijui na sisi tumefundishwa. Katika aya ya 6 ya Suratun Nisaa tumeamrishwa tuwajaribu mayatima mpaka wafikie umri wa kuoa. Tukiwaona wana rushdi, yaani uangalifu wa mali, tuwape mali yao, na tuweke mashahidi. Umri peke yake hautoshi. Mtoto asiyepata kushika hata shilingi ishirini akaulizwa kaifanyia nini, siku ya kutimiza miaka 18 ukimtilia laki tatu mkononi, itakwenda katika simu na pikipiki kwa mwezi mmoja. Basi mwonyeshe kitabu chake tangu akiwa na miaka saba, umri wa kuamrishwa swala. Mwambie, "Hizi alikupa nyanya yako, hizi alikuletea shangazi yako, na hii ni zaka tuliyotoa mwaka huu." Mtoto anayejua hesabu ya mali yake atajifunza mambo mawili pamoja: kutunza chake, na kuogopa cha mwenzake. Na wewe mzazi utapata mlinzi wa kukulinda na nafsi yako, kwani ni vigumu kuiba kitu ambacho mwenyewe anakihesabu mbele yako kila Idi.

Ndugu zangu, msinidhanie kuwa nawahubiria kutoka juu ya dari. Mwanangu wa kwanza alipofanyiwa akika, nyanya yake alimpa pete ya dhahabu, nami nikaiweka. Masika ya mwaka mmoja paa letu lilivuja, nikaiuza pete nikanunua mabati, na nilikuwa nikisomesha wakati huo huo mlango wa hiba katika kitabu cha fikihi! Nilijiambia nitairudisha mwezi ujao. Mwezi ule ulikuwa miaka kumi na moja. Nilipomrudishia, amekwisha kuwa kijana mwenye ndevu, nikamweleza na nikamwomba radhi. Akacheka akanisamehe. Lakini mimi sikucheka, kwa kuwa nilijua lau ningekufa katika miaka ile, ningekwenda kukutana na Mola wangu na pete ya mtoto shingoni. Paa lile lilitusitiri sisi sote, na yeye mmoja wetu. Biriani la harusi litamsitiri nani?

Basi nauliza kila msomaji wa makala haya afanye jambo moja kabla ya Ijumaa ijayo. Akae na mkewe, wahesabu: watoto wetu wamepewa nini tangu kuzaliwa kwao, na kiko wapi? Kilichopo kiandikwe na kiwekwe mahali pa halali. Kilicholiwa kiandikwe kuwa ni deni, kianze kulipwa japo kidogo kidogo, na kitiwe katika wasia, kwa sababu deni hutangulia urithi. Na aliyebaleghe aulizwe, akitaka kusamehe asamehe kwa hiari yake, si kwa kutolewa macho.

Ama yule binti aliyeniuliza swali, jawabu langu nilimpa mbele ya mamake: "Ndiyo, mwanangu. Babako amekudhulumu, na haki yako iko juu yake. Nawe usimvunjie heshima, lakini usiiache haki yako." Mwaka huo chuo hakikumngoja.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wazazi wema kama babake mayatima wawili wale, ambao wema wake ulilinda ukuta baada ya kufa kwake. Atusamehe tuliyoyala, na atupe uwezo wa kuyalipa. Amin. Wabillahi tawfiq.